Matanga ya Aliye Hai

Kimaro alikuja na mkungu wa ndizi begani. Papo hapo nikajua ana jambo, maana Mchaga hatoi ndizi bure. Kama kuna Mchaga anasoma hapa na anakasirika, akasirike tu, mimi ni mtani wake na haki hiyo ninayo.

"Hodi wenye njaa!" aliita mlangoni.

"Karibu, mwizi," Mama akajibu kutoka kwenye kochi lake. "Acha viatu nje. Na mikono pia, ikiwezekana."

Ndivyo wanavyosalimiana miaka yote. Sisi Wapare na Wachaga ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kununa, lakini siku ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika, anapasua kuni, anachota maji, anawachekesha wafiwa mpaka wasahau kulia. Aikaeli Kimaro alipasua kuni kwenye msiba wa baba yangu. Sasa alikuwa mkurugenzi wa kanda wa Orvanta, kampuni ya ng'ambo inayomiliki umeme wetu wote, na mimi, Namkunda Mrutu, nilikuwa fundi mkuu wa kituo chao cha Mkomazi. Kwa hiyo alikuwa mtani wangu na bosi wangu kwa mpigo.

"Shikamoo, Mama Hakimu," alisema, sasa kwa adabu, akakaa.

"Marahaba, Mangi, chifu wa mlimani. Sema kilichokuleta. Umri wangu hauruhusu kuzunguka mbuyu."

Alinitazama mimi, si yeye. "Ijumaa unaweka mkono au huweki?"

Hapo inabidi nieleze, ingawa mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Nilipokuwa shule ya msingi serikali ilishusha nyaya zote za umeme nchini, ikauza shaba, na nguzo zikawa mazizi ya mbuzi. Orvanta walikuwa wametundika kioo angani, juu kabisa kuliko mawingu, kinachokusanya jua na kulimimina kwenye sahani saba za chuma zilizolazwa nchini. Kutoka kwenye sahani, minara inautawanya umeme hewani, hakuna waya tena: taa inauvuta, pampu ya maji inauvuta, simu inauvuta. Tulishangilia sana. Mimi mwenyewe nilicheza ngoma siku ya uzinduzi, na sare nilifuliwa kwa ajili hiyo. Hakuna aliyeuliza kioo ni cha nani.

Mkataba wa sahani ya Mkomazi ulikuwa unaisha Ijumaa, wa kwanza kati ya saba. Wao walitaka waongezewe miaka sitini. Sheria ilisema mkataba hauongezwi mpaka raia aliyechaguliwa na wilaya, anayeitwa mshika ufunguo, aweke kiganja chake kwenye bamba mbele ya watu. Wabunge waliitunga sheria hiyo kwa mbwembwe nyingi, wakapigiana makofi, kumbe kila mmoja alikuwa anakwepa jina lake lisiwepo. Wilaya ilinichagua mimi, kwa hiyo mzigo wao ukanitua. Mungu awasamehe, mimi bado.

"Sijaamua," nikamwambia Kimaro.

"Basi nikusaidie kuamua. Usipoweka, kituo ni chenu, sawa. Lakini kioo ni chao. Dakika ile ile watakigeuza kisimimine tena hapa. Mna mabwawa yenu ya zamani, sikatai, ila kuirekebisha minara yote ipokee umeme wa mabwawa ni siku tatu. Hesabu hiyo uliipiga wewe." Akamtupia Mama jicho. "Na moyo wa Mama una akiba ya muda gani?"

Mama ndiye aliyejibu, "Nusu siku."

Mama alikuwa na moyo wa bati. Si bati kwa kweli, lakini ndivyo tunavyouita: kipampu kilichowekwa chini ya mbavu, kinachovuta umeme wa hewani kama taa tu. Ukiweka sikio mgongoni mwake unasikia kinanguruma. Katika wilaya yetu mioyo hiyo ilikuwa mia tatu na ushee.

"Kuna kisagio," nikasema.

"Namkunda, mimi na wewe si watoto." Alisema kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko matusi. Kisagio ni kiboksi chenye mpini ambacho hospitali humpa kila mwenye moyo wa bati. Ukizungusha mpini kama unasaga nyama, kinatoa umeme wa kuusukuma moyo. Ni cha dharura tu. Zungusha robo saa uone bega linavyowaka moto. "Kompyuta ya kampuni imeshapiga hesabu. Familia ya watu wawili watatu haimalizi hata siku moja. Inasema mtasalimu amri kabla jua la Jumamosi halijachomoza. Sikutishi, nakupa kilichoandikwa."

"Na mwaka juzi?" nikauliza. "Bunge lilipotaka kuwakagua?"

Aliangalia ndizi zake. Alijua ninachosema. Siku ile umeme ulififia nchi nzima, taa zikawa rangi ya chai. Wao wakatangaza kwamba ni matengenezo. Mimi nilikuwa zamu, niliiona amri kwenye skrini yangu ikitoka ng'ambo: fifisha. Saa sita mchana Bunge liliahirisha ukaguzi, saa saba taa zikawaka vizuri. Watu walipopiga simu kulalamika walijibiwa na ile sauti ya mashine yenye Kiswahili kitamu kuliko cha mtangazaji: pole sana, mteja wetu mpendwa. Ukiiuliza uko wapi, inasema pole. Ukiitukana, inasema pole.

"Ukitoka, funga geti," Mama akamwambia Kimaro. "Ndizi ziache."

*

"Nitaweka mkono," nilimwambia Mama, Kimaro alipoondoka. "Wakae na kioo chao. Sina mama wa pili."

"Hutaweka."

"Nitaweka, Mama!"

"Nimekaa kwenye kiti cha hakimu mpaka nikapata uvimbe wa miguu," alisema. "Sijaona hata siku moja mtu aliyetishwa akatia saini, halafu vitisho vikaisha. Ukiweka mkono Ijumaa, mwaka ujao watakuja na jambo lingine, na moyo wangu utakuwa pale pale, ndio kamba ya kukuburuzia."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nilimwambia yeye anaweza kujitoa mhanga akitaka, ubishi wa Kipare tunaujua, Mpare atauza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Lakini wale mia tatu wengine je? Nani kawauliza? Ni mama za watu, ni baba za watu.

Hapo alinyoosha mkono akaichukua fimbo yake. Nilidhani nimeshinda, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

"Umesema kweli," akasema mwishowe. "Hiyo ni hoja. Twende tukawaulize."

Tulikwenda redio ya wilaya, pale Same mjini, yeye na fimbo yake. Akaelezea kila kitu bila kupamba, kisha akasema, "Mwenye moyo wa bati apige simu. Akitokea mmoja tu akakataa, binti yangu ataweka mkono, na hakuna atakayemlaumu huyo mtu. Lakini kabla hujapiga, nisikilize. Sisi tunafanyaje mtu akifa? Tunaacha kazi, tunafunga maduka, tunalala kwenye turubai siku tatu, tunapika, tunapokezana. Hakuna anayetulipa. Usipokwenda matanga ya jirani yako, wewe si mtu. Sasa mimi naomba matanga yangu niyapate mapema. Njooni mkae siku zile zile tatu, mzungushe mpini kwa zamu. Kama mngekuja kunililia nikifa, njooni nisife. Na watani wetu wa mlimani, mnasikia? Mmealikwa msibani. Tuone kama mtakataa."

Simu zikaanza kumiminika. Loo, Wapare! Hakuna aliyekubali bila kubisha kwanza. Mmoja alitaka ajue nani atatoa sukari. Mwingine alisema utaratibu haukufuatwa na angependa kukata rufaa, lakini anakubali. Mwanamke mmoja wa Gonja aliuliza kama watani wakija kuku wafungiwe ndani. Mzee mmoja, Elisante Mgonja, aliongea kwa sauti iliyokwaruza: "Zimeni. Mimi niliishi na koroboi kabla yenu. Zimeni tu." Watu studioni wakampigia makofi, na mimi nikapiga. Mpaka jioni hakuna hata mmoja aliyekataa.

*

Ijumaa watu walijaa kando ya sahani ya Mkomazi mpaka kwenye uzio. Ni kitu kikubwa, uwanja wa chuma kijivu kwenye mbuga, na adhuhuri hewa juu yake inatetemeka kama juu ya sufuria. Walikuwa wameweka zulia jekundu na viyoyozi vya kwenye hema. Katibu wa wizara alikuwepo, anajifuta jasho kwenye baridi ya kiyoyozi. Kimaro alisimama pembeni ya bamba, suti yake imenyooka.

Bamba lilizungumza. Waliliita Shahidi. Lilikuwa linapima mapigo ya damu ya mtu ili kuhakikisha hajalazimishwa, na sauti yake ilikuwa ile ile ya pole sana mteja.

"Namkunda Mrutu, mshika ufunguo wa Mkomazi. Je, unaweka kiganja chako kwa hiari yako?"

"Siweki," nikasema.

Sauti ikarudia swali kwa adabu ile ile, neno kwa neno, na mimi hasira ikanipanda.

"Umesikia vizuri. Siweki leo, siweki kesho. Ardhi hii ni yetu na jua hili lilikuwa linatuchoma kabla hamjazaliwa. Mlituuzia mwanga wetu wenyewe, na tulipotaka kuhesabu mkatufifisha kama watoto wanaotakiwa kulala. Sasa mnapima mapigo yangu muone kama nimelazimishwa. Nimelazimishwa, ndiyo! Mmemshika mama yangu moyo mkaniambia nitie saini. Liandike hilo, Shahidi. Liandike kwa Kiswahili chako kizuri."

"Pole sana," likasema bamba.

Watu wakaangua kicheko, kicheko kikubwa cha hasira, uzio ukatikisika. Katibu wa wizara alikuwa anachunguza viatu vyake. Kimaro alinisogelea akanong'ona, na uso wake ulikuwa umepauka kweli, hakuwa anaigiza. "Namkunda, huyo ni mama yako."

"Ni mama yangu. Na msiba ni nyumbani kwangu. Umealikwa, mtani."

Bamba lilitangaza kwamba mkataba umekoma. Kisha viyoyozi vikakata, na spika, na ule mngurumo wa sahani ambao nilikuwa nimeusikia kila siku ya utu uzima wangu ukanyamaza. Nilisikia ndege. Nikavua kitambulisho cha Orvanta shingoni, nikawaita mafundi wangu, tukapanda mnara wa kwanza.

*

Nilifika nyumbani kesho yake, mikono imejaa malengelenge. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka kwenye paa letu mpaka kwenye mti wa jirani, viti vya kanisani vimepangwa, masufuria jikoni yanachemka kwa kuni. Mgeni angeapa kuna maiti ndani. Maiti mwenyewe alikuwa amekaa katikati kwenye kochi, kitenge magotini, waya unatoka ubavuni mwake mpaka kwenye kisagio, na anamgombeza mtu anayezungusha.

"Polepole! Unanikimbiza moyo kama nina mchumba!"

Watani walikuwa wamekuja. Malori mawili kutoka mlimani, Wachaga watupu, na ndizi zao. Walikuwa wameshika zamu ya asubuhi.

"Huyu bibi tumzungushie kwa deni," mmoja akapiga kelele. "Mpare atatulipa nini, harufu ya samaki anayoilia ugali?"

"Nyie zungusheni," wanawake wa kwetu wakawajibu kutoka jikoni. "Na akichoka mmoja wenu akazimia, tutadondosha sarafu sakafuni, ataamka!"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikashtuka, nikadhani ni moyo. Habari zilikuwa zinaletwa na waendesha bodaboda kutoka kila kijiji: turubai Kisiwani, turubai Vudee, turubai Hedaru. Kule Vudee watu walikuwa wengi mpaka wanagombania mpini. Jua la Jumamosi lilikuwa limeshachomoza, na hatukusalimu amri. Nadhani kompyuta ya kampuni ilikuwa inatafuta kosa lake liko wapi.

Kosa letu sisi lilijulikana alasiri ile ile.

Msiba kwetu hutangazwa na wenye mtu. Ndugu hutuma mjumbe, kengele hugongwa, watu huenda. Nyumba isiyo na mtu wa kutangaza haina msiba, na hakuna anayejialika. Mzee Elisante Mgonja, yule wa koroboi, hakuwa na mke wala mtoto wala mpwa. Alihamia Njoro mwaka uliopita, akapanga chumba. Majirani zake walidhani ana watu wake, wakaenda kuzungusha kwingine. Walimkuta amekaa kwenye kiti chake, kisagio mapajani, mkono bado uko kwenye mpini.

Nilipigia makofi sauti ya mtu huyo. Hakuna kati yetu aliyemuuliza, mzee, na wewe nani atakuzungushia?

Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, nikamlilia kama baba yangu. Mama aliomba abebwe mpaka pale na kochi lake, watu wanne na mzungushaji anayetembea pembeni, wote wamekunja nyuso wasicheke.

"Nimemuua, Mama."

"Umemsahau," alisema. "Mimi pia, na Same nzima. Hilo tutalibeba, na usikubali mtu akuambie ni dogo. Lakini aliyezima ni aliyeshika swichi. Usiwabebee na la kwao." Kisha akawageukia waliokuwa pale. "Huu sasa ni msiba wa kweli. Nani anamtangaza? Sisi ndio ndugu zake. Kagongeni kengele."

Walienda. Wachaga ndio waliochimba kaburi, na siku hiyo hawakutania. Bodaboda zilitumwa kupita kila kijiji kuuliza kama kuna mwingine asiye na mtu. Wakapatikana saba. Wote wakahamishiwa kwenye maturubai.

Jumapili jioni, nilipokuja kubadilisha nguo nirudi minarani, nilimkuta Kimaro. Koti la suti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, mikono ya shati imekunjwa, anazungusha. Alikuwa anatokwa jasho kama mtu aliyemwagiwa.

"Wameniachisha kazi," alisema bila kuinua macho. "Wameniuliza kwa nini sikuwaambia kuhusu matanga. Nikawaambia hamkuniuliza."

"Zungusha, Mangi," Mama akamwambia. "Umekula ndizi zangu miaka yote."

"Ndizi nilizileta mimi!"

"Kesi hiyo utaifungua wiki ijayo. Zungusha."

*

Jumatatu asubuhi tuliumaliza mnara wa mwisho. Nilimwachia msaidizi wangu afungue umeme wa mabwawa, nikakimbia nyumbani, maana nilitaka kuwa pale. Chai ya rangi ilikuwa inagawiwa. Hakuna aliyeongea sana, watu walikuwa wamechoka, mabega yamekufa ganzi, wengine wamelala wamekaa.

Balbu ya barazani iliwaka.

Mwanzoni nyekundu, kisha njano, kisha nyeupe. Pampu ya kisima ikakohoa, ikashika. Kutoka nyumba moja hadi nyingine zikasikika vigelegele, na wazee watu wazima wakakumbatiana. Mama alishika ubavu wake, akasikiliza. "Huu ni wetu," alisema. "Una ladha ya tope." Kimaro aliuachia mpini, akaangalia viganja vyake vilivyochubuka.

Kisha balbu ikazima.

Kimaro akaudaka mpini akaanza kuzungusha tena kabla hajaambiwa. Nilisimama katikati ya uwanja, najiuliza ni kipi nilichofunga vibaya.

Na ng'ambo ya uzio, jirani yetu Mama Nanzia akapaza sauti, sauti ya mtu aliyekatikiwa umeme uji ukiwa jikoni.

"We Namkunda! Umeme wenu vipi?"

Mwingine akadakia kutoka bondeni. "Fundi! Fundi mkuu yuko wapi?" Na mwingine, na mwingine, kelele zikapanda kilima kizima, na kila kelele ina jina langu ndani yake. Wengine walitukana. Hakuna sauti iliyosema pole sana.

Mama aliegemea kochi lake akacheka, safari hii taratibu, machozi yanamtiririka.

"Miaka thelathini hatukuwa na wa kumpigia kelele," alisema. "Haya, nenda, mwanangu. Unaitwa na wenye mali."

Nikachukua bisibisi zangu kwenye meza ya chai, nikavaa viatu, nikaenda kuangalia.